Shimoni, Fikirini au Amboni: pango gani la kuendea ukitoka Nairobi?

Ukiishi Nairobi na ukatamani kuingia pango la mawe ya chokaa, itabidi ushike njia ya Pwani. Mapango ya karibu nasi ni ya volkano: yale ya Suswa, yale ya Chyulu, hata yale madogo ya msitu wa Karura ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Ni mazuri na nitayagusia, lakini ndani yake hutaona nguzo za chokaa zilizojengwa tone kwa tone. Hizo zatafutwa kwenye ukanda wa pwani, kuanzia Kilifi hadi Tanga. Anayepanga likizo ya Agosti au Desemba huwa na majina matatu mezani: mapango ya watumwa ya Shimoni, mapango ya Fikirini yanayojulikana kama Three Sisters, na Amboni, ng'ambo ya mpaka, Tanzania.

Wengi huchagua kwa nauli na kwa picha walizoziona kwenye simu. Mimi huanza na swali jingine: nani analilinda pango lenyewe, na je, ana sauti ya kuniambia "hapo usipite" nami nikatii? Msitu ukikatwa waweza kupandwa tena. Pango la chokaa likivunjwa halirudi katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu. Kwa hiyo kwangu pango lenye mwenyewe anayejua kukataza lina thamani kuliko pango lililo wazi kwa kila apitaye, hata kama hilo la pili lina kumbi pana zaidi.

Jiwe ni moja, umri ni tofauti

Mvua ikinyesha huchukua kaboni dayoksaidi hewani, na zaidi kwenye udongo, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo hupenya nyufa za mawe ya chokaa na kuyayeyusha polepole mpaka ufa ukawa mfereji, na mfereji ukawa ukumbi. Baadaye, ukumbi ukishapata hewa, maji yaleyale yanayodondoka kutoka darini huachia gesi yake na kubakiza utando mwembamba wa chokaa. Ukimulika tochi kwenye ncha ya stalaktiti changa, yaani nguzo ya chokaa inayoning'inia kutoka darini, utaliona tone limening'inia. Ukitulia dakika chache, linaanguka na jingine linaanza kujikusanya. Katikati mwa stalaktiti hiyo mna tundu kama mrija wa soda, na ukingo wa tundu ndipo chokaa mpya inapoganda. Kwa kawaida ukuaji wake kwa mwaka ni sehemu ndogo tu ya milimita. Stalaktiti yenye urefu wa sentimita kumi yaweza kuwa ilianza kuota karne kadhaa kabla ya Wareno kuijenga Fort Jesus mwaka 1593.

Sasa uiguse. Mafuta ya ngozi hubaki juu ya jiwe, maji hayatandazi tena chokaa pale vilivyo, na baada ya mikono mingi doa hugeuka jeusi linalong'aa. Popote utakapoona sehemu laini nyeusi kwenye kimo cha kiganja cha mtu mzima, ujue hapo watu wameshika kwa miaka.

Tofauti ya Amboni na mapango ya Kwale, yaani Shimoni na Fikirini, imo katika umri wa jiwe. Chokaa ya Amboni ni ya enzi ya Jurasi, karibu miaka milioni 150 iliyopita. Shimoni na Fikirini zimechimbika katika matumbawe, yaani miamba iliyokuwa hai bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, zaidi kidogo ya miaka laki moja iliyopita. Ukilinganisha na Amboni, hilo ni jambo la juzi. Ndiyo maana ukiwa Kwale unaweza kuona umbo la matumbawe na magamba ya chaza ukutani, paa ni jepesi, na mwanga hupenya kwenye matundu. Amboni ni giza tupu na kuta zake ni ndefu.

Shimoni

Kijiji kiko takriban kilomita 80 kusini mwa Mombasa, mwisho wa barabara inayokata kushoto kutoka ile ya Lunga Lunga. Siku hizi ukishuka garimoshi la SGR pale Miritini si lazima uvuke feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inakutoa moja kwa moja upande wa kusini. Pango lenyewe ni fupi na lina ngazi. Mama mwenye umri na mtoto wa darasa la pili wote wataliweza.

Usiende Shimoni kwa ajili ya jiolojia. Nenda kwa sababu wenyeji wanasimulia kwamba humo walizuiliwa watu waliotekwa bara, wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja, na vyuma vya minyororo bado vinaonyeshwa ukutani. Kabla ya biashara hiyo, na hata baada yake, pango lilikuwa mahali pa kujificha wakati wa vita na pa kufanyia maombi. Wanaolisimamia ni wanakijiji wenyewe, na kiingilio kinabaki hapo. Ukilipa, omba risiti, msikilize anayekutembeza mpaka amalize, na uweke simu mfukoni anapoeleza habari za waliofia mle. Inaniuma ninapoona vijana wa rika langu kutoka mjini wakicheza mbele ya kamera palepale.

Kwa anayepima gharama, Shimoni ndiyo nafuu ya zote tatu, kwani siku moja inatosha na saa zinazobaki unaweza kuvuka kwenda kisiwa cha Wasini au kuogelea kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti.

Fikirini

Hapa ni kilomita chache tu kutoka Shimoni, lakini ni dunia nyingine. Mapango ni matatu, yamo kati ya mashamba na vichaka, na hadithi ya dada watatu utaisikia kwa mwenyeji atakayekuongoza. Siwezi kumpokonya utamu wake. Mizizi ya miti imeshuka kupitia matundu ya paa mpaka ikagusa sakafu. Sehemu nyingine unainama, nyingine unasimama wima na kuona nguzo ya mwanga imechoma giza.

Wenye nyumba ni popo. Wako wengi mno, na harufu ya kinyesi chao utaipata kabla hujaingia. Hapa ndipo ningependa msomaji atue kidogo kabla ya kukata tiketi, maana mtu anaweza kulipenda pango na bado akaliharibu kwa kelele tu. Popo jike hukaa na kichanga chake kimemng'ang'ania kifuani, au hukiacha kimening'inia pamoja na wenzake anapokwenda kutafuta chakula. Kundi likishtuliwa kwa mwanga mkali au kelele, vichanga huanguka, na kilichoanguka kwa kawaida hakiokoki. Popo wanaokula wadudu wanapunguza mbu, na pia nondo ambao viwavi wao hula mazao ya mkulima wa Kwale. Popo wanaokula matunda ndio wanaochavusha mibuyu, ambayo maua yake hufunguka usiku. Anayependa ubuyu wa Pwani ana deni kwao.

Kwa hiyo Fikirini inawafaa watu wachache waliotulia. Wawe wanne au watano, wanong'one, tochi zimulike chini, na wamwamini mwenyeji akisema chumba fulani leo hakiendeki. Chama cha wafanyakazi thelathini waliotoka Nairobi na spika ya muziki waende ufukweni Diani. Nasema hivyo bila ubaya.

Amboni

Hii ndiyo safari. Mapango yako kilomita 8 hivi kutoka mji wa Tanga, kando ya mto Mkulumuzi, ndani ya eneo la chokaa linalotajwa kuwa na kilomita za mraba 234, kubwa kuliko jingine lolote la aina yake Afrika Mashariki. Mapango yanayohesabiwa ni kumi. Lililofunguliwa kwa wageni ni moja.

Nimewasikia watu wakinung'unikia hilo: kwamba wamesafiri kutoka Nairobi mpaka Tanga, wamelipa, halafu wakaonyeshwa moja kati ya kumi. Kwangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kuichagua Amboni. Pango moja limetolewa lipokee viatu, mikono na pumzi zetu, na tisa yameachwa yaendelee na kazi yao. Wafaransa walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Pango la Lascaux, lenye michoro ya kale ya wanyama, lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na ikafika wakati wageni walikuwa kama 1,200 kwa siku. Pumzi zao zilileta unyevu na kaboni dayoksaidi, taa zikaleta mwani wa kijani ukutani, na mwaka 1963 likafungwa. Wageni wa leo huonyeshwa nakala.

Ndani ya Amboni utapata kile ambacho Kwale haiwezi kukupa: kumbi zenye dari ya juu, stalaktiti na stalagmiti (zile zinazoota kutoka sakafuni kwenda juu), mapito membamba ambayo mtu mnene hupita kwa ubavu, na maumbo ambayo mwongoza wageni atakuonyesha kwa tochi, hapa mamba, pale meli. Atakusimulia pia kwamba kuna njia inayotokea Mombasa. Ni masimulizi, na watu wa Tanga huyasimulia vizuri. Furahia, lakini usijaribu kuitafuta. Utasikia habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, ambao katika miaka ya 1950 walikuwa wakisakwa na serikali ya mkoloni na wanasemekana kujificha humo. Mkenya anayejua habari za Karura ataitambua hadithi hiyo mara moja.

Halafu kuna sehemu ya mzimu. Watu huja kuomba mtoto, afya au riziki, na sadaka zao utazikuta zimewekwa chini. Usizichezee, usizipige picha, usimcheke aliyeziweka. Huna haja ya kuamini anachoamini. Wewe ndiye uliyeingia nyumbani kwake.

Upande wa gharama, Amboni inakula muda zaidi: SGR au basi hadi Mombasa, kisha basi la Tanga kupitia Lunga Lunga na Horohoro. Kitambulisho cha taifa, ambacho Mkenya hutumia kuingia Uganda au Rwanda, hakitoshi kuingia Tanzania; beba pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uliza kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki kabla ya kulipa kile cha mgeni wa mbali. Na kwa kuwa Februari 2015 vikosi vya usalama vilipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango hayo, si vibaya kupiga simu Tanga kabla ya kuondoka na kuuliza hali ikoje.

Lile ambalo sikuliweka kwenye orodha

Msomaji ataniuliza: na Panga ya Saidi? Pango hilo liko Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini, na kwa umuhimu linayapita yote matatu. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani walianza kuchimba humo mwaka 2010. Karibu mita tatu chini ya sakafu ya leo walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na dalili kwamba kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu mithili ya mto kilichokwisha kuoza. Alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Habari zake zilichapishwa Mei 2021, na ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto.

Ndiyo sababu sikushauri uende kutalii. Ardhi ya pango hilo ni kumbukumbu iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na kila kiatu kinachochimba vumbi kinavuruga ukurasa ambao haujasomwa. Wenyeji pia bado wanalitumia kwa maombi. Kama kazi au masomo yako yanakupeleka huko, pitia kwa Makumbusho na kwa wazee wa mahali. Kuchimba au kuokota chochote bila leseni ni kosa chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Mwenye shauku ya mambo ya kale anaweza kupanda matatu ya Waiyaki Way mpaka Museum Hill na kutumia siku nzima kwenye jumba la chimbuko la binadamu, bila kukanyaga tabaka la mtu yeyote.

Na kama unachotaka ni ukubwa tu, basi pango la Sof Omar huko Bale, Ethiopia, lina urefu wa kilomita 15 hivi, mto Weyib unapita katikati yake, na Waislamu wa huko wanalienzi kama mahali patakatifu. Hiyo ni safari ya ndege mpaka Addis Ababa na barabara ndefu baada ya hapo. Haifai kulinganishwa na wikendi ya Kwale.

Mvua, popo na viatu

Kuna mambo ambayo hayabadiliki, uchague lipi. Kwanza ni mvua. Mapango ya chokaa yalichongwa na maji, na maji bado yana funguo zake. Mwaka 2018 huko Thailand, wavulana 12 na kocha wao waliingia pango la Tham Luang tarehe 23 Juni. Mvua ikafunga njia nyuma yao, na wa mwisho alitolewa tarehe 10 Julai baada ya mpiga mbizi mmoja kufa katika uokoaji. Mvua yenyewe yaweza kunyesha mbali, wewe uko ndani hujui. Kwa hiyo Machi hadi Mei ningeiondoa Amboni kabisa, na Oktoba hadi Desemba ningeuliza kila asubuhi. Shimoni haina shida kubwa hivyo.

La pili ni afya. Kule Kitum, mlima Elgon, pango la volkano ambalo ndovu huingia kulamba chumvi, wageni wawili waliugua Marburg, homa kali ya virusi, baada ya kulitembelea, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, na wote wakafa. Mwaka 2008 mtalii Mholanzi alifariki kwa ugonjwa huohuo baada ya kuingia pango la popo magharibi mwa Uganda. Matukio hayo ni machache na hayapaswi kumfanya mtu amchukie popo, maana popo hamfuati mtu. Yanakufundisha tu kuvaa mikono mirefu, kutoshika ukuta uliochafuka kisha ukapangusa uso, kutokula ndani, na kunawa kwa sabuni ukitoka. Kinyesi kikavu cha popo pia huweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu. Mwenye pumu, mjamzito, au mwenye kinga dhaifu ningempeleka Shimoni na kumkataza Fikirini, na barakoa inayobana vizuri haidharauliki kwa wengine.

La tatu, tochi. Kila mtu awe na yake ya kichwani, na awe na ya akiba. Taa ya simu haihesabiki, kwa sababu inakunyima mkono mmoja na betri yake ndiyo utakayoihitaji kupiga simu ukitoka. Kofia ngumu ni ya lazima Amboni. Dari haimwonei mrefu huruma. Viatu vifungwe kamba, viwe na soli inayoshika. Usiingie na mshumaa wala mwenge, maana masizi yake yanabaki ukutani baada yako.

Basi nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo au wazee, Shimoni. Wapenda viumbe, na wapiga picha wanaokubali kufanya kazi bila flashi, Fikirini, na mwenyeji wa kijiji awe nanyi. Anayetaka kuelewa pango la chokaa ni nini, aone giza lenyewe na kazi ya maji, Amboni. Akikosa pesa mwaka huu, asubiri mwaka ujao kuliko kwenda mbio. Mwenye Jumamosi moja tu aende Suswa akatembezwe na Wamasai wenyeji, aone mapito yaliyoachwa na lava na ukumbi wa nyani; akijua tu kwamba hapo anatazama kazi ya moto.

Kundi kubwa kutoka Nairobi si tatizo likigawanywa. Panga na wenyeji kabla, watu wanane waingie huku wengine wakingoja nje kwenye kivuli, na muwalipe waongoza wageni wawili badala ya kumbana mmoja.

Mwenye siku tano anaweza kuyaunganisha: alale Diani au Shimoni, Fikirini asubuhi moja, kisha avuke Lunga Lunga kwenda Tanga. Ila asivuke na tope la Fikirini kwenye soli. Huko Marekani Kaskazini, ukungu (aina ya kuvu) ulioonekana kwanza jimboni New York mwaka 2006 umeua mamilioni ya popo, na viatu pamoja na vifaa vya watu ni mojawapo ya njia zinazoweza kuuhamisha kutoka pango hadi pango. Ukungu huo unapenda baridi, lakini vijidudu vingine havijali joto letu. Sugua soli kwa brashi na maji ya sabuni ukiwa bado Kwale, zikauke juani, na nguo ulizotambalia uzifunge kwenye mfuko wake mpaka zifuliwe. Ukiweza, beba jozi ya pili ya viatu kwa ajili ya Amboni.